Filme moja, sinema moja, miaka 30

Huko Mumbai, mji mkubwa wa India, kuna sinema inaitwa Maratha Mandir. Iko ng'ambo ya barabara na stesheni ya treni, na kituo cha mabasi kiko pale karibu. Kila siku, saa tano na nusu asubuhi, wanafungua milango na kuonyesha filme ile ile. Ilitoka tarehe 20 Oktoba 1995. Mwezi wa kumi wa mwaka 2025 ikatimiza miaka 30. Mtoto aliyezaliwa siku ile leo ni baba wa watoto, na filme bado iko ukutani. Mwaka 2020 korona ilifunga sinema zote, na yenyewe ikasimama kama zingine. Zilipofunguliwa, ikarudi.

Jina lake ni Dilwale Dulhania Le Jayenge. Wahindi wenyewe wameona ni refu, wanasema tu DDLJ. Maana yake ni kama kusema: mwenye moyo ndiye atamchukua bibi arusi. Kijana ni Shah Rukh Khan, msichana ni Kajol. Mwenye kuiongoza, Aditya Chopra, ilikuwa filme yake ya kwanza na alikuwa hajafika miaka 25.

Ninyi wa Muheto, na ninyi wote wa machimbo ya Masisi na Walikale, mutasema: sasa hiyo inatuhusu nini? Tuko na shida ya barabara, ya bei ya koltani, ya vita, na gazeti linatuletea mambo ya Wahindi wanaoimba. Mutuvumilie kidogo. Kila mara wakubwa wanapotaja nyumba za vidiyo kwenye vijiji vya wachimbaji, neno linalotoka ni moja: zifungwe. Na kila mara sisi tunajiuliza kama wale wanaosema hivyo wamewahi kuketi ndani, kwenye benchi la mbao, saa moja ya usiku, katikati ya watu waliotoka shimoni. Ile sinema ya Mumbai inatusaidia kulijibu hilo neno.

Filme ile haikudumu juu ni nzuri kuliko zote. Filme nzuri ziko mingi na zimesahaulika. Angalieni kwanza mlango. Kwa miaka mingi tiketi ya asubuhi pale Maratha Mandir ilikuwa kama rupia 20, na hata ilipopanda, haifiki dola 1. Wanaoingia ni wapagazi wa stesheni, madereva wa taksi, vibarua, wasafiri ambao treni yao ni ya jioni, vijana wawili waliopendana ambao nyumbani hawana pa kukaa peke yao. Kuna mwenye kuja kwa ajili ya filme, na kuna mwenye kuja kulala mahali pa baridi. Wote wanalipa sawa. Wengine wameiona mara nyingi mpaka wanasema maneno mbele ya mwenye kuyasema ukutani, na wakati wa wimbo wanasimama kucheza. Mwenye sinema hakuwafukuza.

Kisha angalieni hadithi. Raj na Simran wote wamekulia London. Wanakutana katika safari ya treni huko Ulaya, wanapendana. Lakini baba ya Simran alikwisha kumwahidi msichana kwa mtoto wa rafiki yake kule Punjab, kijijini kwao. Anabeba familia nzima na kurudi India kwa harusi. Raj anafuata. Mama wa msichana mwenyewe anamwambia: mchukue binti yangu mukimbie. Kijana anakataa. Anasema hataondoka na msichana mpaka baba yake amtoe kwa mkono wake mwenyewe. Filme inaenda zaidi ya saa tatu na muda mrefu ni ile kazi tu, ya kijana kumpata mzee pole pole.

Sasa semeni kama hiyo ni hadithi ya Wahindi. Katika milima yetu, kijana anayeshinda chini ya ardhi na nyundo na tochi ya kichwani, anahesabu ng'ombe za mahari, na bei ya ng'ombe inapanda wakati bei ya madini inashuka. Wangapi wamechoka kungoja, wakamtorosha msichana usiku, kisha wakakaa miaka na watoto bila kuweza kufika mbele ya baba mkwe? Wamama wanaosoma gazeti hili wanawajua kwa majina. Filme inayomwonyesha kijana mwenye pesa ya kukimbia lakini hataki kukimbia, hiyo inaweza kuzungumzwa nyumbani wiki nzima. Sisi tunaamini kwamba ndivyo ilivyozungumzwa Mumbai pia, na ndiyo maana baba aliyeiona kijana amerudi na binti yake.

Hata hivyo filme hii karibu ife. Mwanzoni mwa mwaka 2015, baada ya wiki 1,009, wenye sinema na kampuni iliyotengeneza filme walikubaliana kuiondoa. Filme mpya zilikuwa zinataka saa ile, ya zamani ilikuwa imesukumwa asubuhi mapema zaidi, na wafanyakazi wa sinema walikuwa wanaongezewa masaa. Kwa hesabu ya daftari walikuwa na haki. Lakini siku walipotangaza, watu walilalamika, simu zikapigwa, na baada ya siku chache tu filme ikarudishwa saa tano na nusu kama zamani. Hakuna waziri aliyeamuru. Ni watu wenye tiketi ya rupia 20 ndio walioamuru, na wenye sinema walikuwa na akili ya kuwasikia.

Mbele ya hiyo, rekodi ya Mumbai ilikuwa ya Sholay, filme ya majambazi ya mwaka 1975, ambayo wazee wengi wa Goma na Bukavu wanaikumbuka. Siku za kwanza watu walikuwa wachache, na magazeti yakaandika imekufa. Kisha mmoja akamwambia mwingine, na ikakaa zaidi ya miaka 5 katika sinema moja, Minerva. Waliokuwa wamekwisha kuizika katika magazeti walibaki na aibu yao.

Kwetu Afrika ya mashariki mambo kama hayo si mageni. Zanzibar, katika miaka ya 1950, watu walirudi na kurudi kuona Awara, filme ya Raj Kapoor iliyotoka India mwaka 1951. Ni juu ya jaji mmoja anayesema kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Anamfukuza mke wake mwenye mimba kwa wivu, mtoto anakulia mtaani, anakuwa mwizi kweli, na siku moja anasimama mbele ya baba yake mahakamani bila baba kumjua. Urusi ya Kisovieti iliionyesha kwa watu zaidi ya milioni 60. Pale Unguja wamama waliimba nyimbo zake bila kujua Kihindi. Tunafikiri mchimbaji ambaye akifika mjini anaitwa mhuni kabla hajafungua kinywa, hahitaji mtu wa kumfasiria ile kesi.

Na wachimbaji wenzetu wa Copperbelt, Zambia ya leo, walikuwa na mtu wao. Kampuni za shaba ziliwaonyesha filme nje, usiku, katika kambi. Mwanamke msomi wa Amerika, Hortense Powdermaker, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954 kuangalia maisha yao, na aliandika juu ya jioni hizo: maelfu ya watu chini ya nyota, kelele mpaka husikii filme. Walichopenda ni cowboy. Kila cowboy, awe na jina gani, wao walimwita Jack. Hawakuchoka naye. Miaka ile ile, vijana wa Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville, waliangalia Buffalo Bill mpaka wakajiita Bills, wakavaa kama yeye na kutengeneza lugha yao. Wakubwa wa utawala waliogopa, wakachuja filme za watu weusi. Hata wamisionari walielewa nguvu ya jambo hili: kule Kasai, padri Albert Van Haelst alitengeneza filme za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na Wakongomani waliona Wakongomani wenzao ukutani. Ziliwekwa kwa ajili ya kufundisha adabu, kweli. Lakini watu walikuja kucheka.

Turudi kwetu. Sinema za kweli katika nchi hii zilikufa karibu zote, nyingi zikawa makanisa. Kilichobaki vijijini ni nyumba ya vidiyo: mbao, bati, turubai, televizyo ao projekta ndogo, jenereta nyuma ya ukuta inayokunywa esansi. Ubao nje na chaki: mpira saa fulani, filme saa fulani. Mpira wa Ulaya unashinda filme kila mara, hatudanganyi mtu. Lakini usiku usio na mpira watu wanauliza, «Iko nini leo?» na mara nyingi jibu ni filme ambayo wamekwisha kuiona, na wanaingia.

Wanaingia zaidi kama iko na mwenye kufasiri. Hao ni watu wa kuheshimiwa kuliko wanavyoheshimiwa. Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye jina lake la nyumbani ni Derek Mukandala: anachukua filme ya Hong Kong, ya Amerika ao ya India, anaweka sauti yake juu, anafasiri kwa Kiswahili, anaongeza mzaha, anampa jambazi jina la jirani. Uganda wanawaita viijei. Rwanda wanasema agasobanuye. Mama ambaye hakuingia masomo hata siku moja anaweza kufuata filme ya masaa tatu mpaka mwisho na kesho yake kuisimulia sokoni. Kazi hiyo hakuna wizara iliyoifanya.

Basi kwa wale wanaosema zifungwe, sisi tunasema wazi kwamba ni kosa. Tunajua makosa ya nyumba hizi. Kuna zile zinazoingiza watoto saa ya masomo, mtoto amevaa uniforme ya bluu na nyeupe, na mwenye mlango anapokea franka zake bila aibu. Kuna zile zinazoonyesha filme za uchi usiku na kusema ni za watu wakubwa, wakati kila mtu anajua nani anachungulia kwenye tundu la mbao. Kuna pombe kali. Na jambo ambalo linatutia hofu kuliko yote: watu mia katika chumba chenye mlango mmoja, na jenereta na bidoni ya esansi mita 2 kutoka kwenye turubai. Siku moja moto utashika. Shefu wa kijiji akienda leo kuwaamuru wenye nyumba hizo watoboe mlango wa pili na kupeleka esansi mbali, atakuwa amefanya kazi. Akienda kufunga, watu watahamia kwenye kabare, na huko hakuna hadithi yoyote.

Mwenye nyumba ya vidiyo naye tunamwambia neno. Akiona filme moja inarudisha watu, asiharakishe kuiondoa kwa sababu tu flashi mpya imefika kutoka Goma. Na asipandishe bei siku ya malipo ya wachimbaji. Tabia hiyo iko, sisi wote tunaijua: PDG wa shimo akilipa watu wake, soda inapanda, mandazi yanapanda, na mlango wa vidiyo unapanda. Wale wa Maratha Mandir walikuwa na miaka 30 ya kufanya hivyo, kila sikukuu, na tiketi ya asubuhi ilibaki ya kibarua.

Lakini kuna jambo lingine linalotuuma, na kwa kweli ndilo lililotufanya tuandike.

Filme juu yetu ziko. Mwaka 2010 Mdenmark mmoja, Frank Piasecki Poulsen, alitoa filme inaitwa Blood in the Mobile. Alipita pori la Walikale mpaka Bisie, akaingia shimoni, akaonyesha kasiterite inavyotoka na nani anakula njiani, kisha akaenda kugonga kwenye mlango wa Nokia kuuliza madini ya simu yanatoka wapi. Watu wa Ulaya waliiona. Mwaka ule ule wa 2010, mwezi wa saba, Amerika ilipitisha sheria juu ya madini ya vita, ile ambayo huku tuliita sheria ya Obama. Na kutoka Septemba 2010 mpaka Machi 2011 serikali ya Kinshasa ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema. Hatusemi filme ndiyo iliyoleta sheria. Sheria ilikuwa na njia yake. Tunasema kwamba katika miezi ile, wakati watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, watu wa mbali walikuwa wamekwisha kuona machimbo yetu ukutani na kuyatolea maoni. Na mchimbaji wa Walikale, ambaye sura yake iko ndani, ni katika nyumba gani ya vidiyo aliketi akajiangalia na kusema: hapa amesema kweli, hapa amekosea?

Hiyo si filme moja tu. Wazungu wa kamera wanapanda milima hii tangu miaka mingi. Wanauliza, wanapiga picha, wanatoa sigara, wanashuka. Filme inaenda kwenye tamasha za miji mikubwa, watu wanapiga makofi na kulia, kisha inaingia kwenye sanduku la wenyewe. Kwa Kiswahili waliyosema watu wetu wanaweka maandishi ya Kingereza chini. Kurudisha sauti ya Kiswahili mahali pa Kifaransa na Kingereza ili sisi tufuate, hiyo hakuna pesa yake.

Wenzetu Wakongomani wanafanya kazi nzuri, na hilo ni la kusema. Dieudo Hamadi wa Kisangani ametoa Maman Colonelle mwaka 2017, juu ya polisi mwanamke anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto. Ametoa pia En route pour le milliard, juu ya walemavu wa Vita vya Siku Sita vya mwaka 2000 pale Kisangani, wanaopanda mashua na magongo yao kushuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Hiyo ilichaguliwa Cannes mwaka 2020. Watu wanaodai haki yao kwa miaka 20, wanalala juu ya mashua katika mvua, wanafika mbele ya bunge na mlango umefungwa: ionyesheni kwenye kijiji chochote cha wachimbaji, muone kama watu wataondoka kabla ya mwisho. Goma, Yole!Africa na tamasha yake ya filme wamejaribu miaka mingi kurudisha filme kwa vijana wa mji. Lakini kutoka Goma mpaka Masisi barabara ni ile munayoijua, na miaka hii ya vita imekuwa mbaya zaidi.

Tunasikia mtu akisema: mchimbaji hataki kuona shimo wakati wa kupumzika, anataka kuona Rambo. Labda. Hata sisi tukitoka kazini hatutaki kusoma gazeti. Lakini wale waliosema Sholay imekufa walikuwa pia na hakika. Hakuna aliyewahi kuweka filme ya Bisie ukutani wiki nzima, kwa Kiswahili, kwa bei ya kawaida, na mwenye kufasiri mzuri, kisha akahesabu watu mlangoni. Mpaka siku hiyo, kusema «hawataki» ni kuwasemea.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo na linajulikana kwa nani linaenda. Wakubwa wa territoire na mashefu wanaotoa ruhusa ya kupiga picha katika machimbo, wanaandika karatasi, wanapokea pesa, wanaweka muhuri. Kwenye karatasi hiyo waongeze mstari: filme ikiisha, mwenye kamera ataleta nakala yenye sauti ya Kiswahili, bila malipo, kwenye kijiji alikopiga, na itaonyeshwa pale mbele ya kuonyeshwa televizyo ya kwao. Bei ya kufasiri filme moja si kubwa kwa mtu aliyelipa ndege kutoka Ulaya. Anayetaka kufasiri yuko. Ndiye yule anayempa Rambo sauti kila Jumamosi. Flashi moja inatosha kwa Muheto yote, na kama watu wataizomea usiku wa kwanza, mwenye filme atakuwa amejua wachimbaji wanafikiri nini juu ya kazi yake.